Hilux ya dizeli inagoma kuwaka asubuhi nyingine, nyingine inawaka vizuri

Mbeba_Maharagwe (Bukavu)

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu kabla sijatoa pesa nyingine. Nina Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya aina iitwayo 5L, isiyo na turbo, na pampu yake ya nozeli ni ile ya zamani isiyoendeshwa na kompyuta. Ninaitumia kubeba maharagwe na mihogo kutoka Walungu hadi Bukavu, na nyumbani kwangu ni Kadutu, ambako wanaopafahamu wanajua kuwa kupata mita tano za ardhi tambarare za kuegeshea gari ni bahati.

Tangu mvua zianze, gari hili limekuwa na asubuhi zake. Linaweza kuwaka siku nne mfululizo mara tu ninapogeuza ufunguo, halafu siku ya tano nikazungusha demareri (mota ya kuwashia injini) mpaka majirani wakatoka nje. Siku hizo mbaya demareri huzunguka kwa nguvu ileile ya siku zote. Mara nyingine injini hushika kwa sekunde mbili tatu, hutikisika, kisha huzimika, na hapo ndipo kazi huanza: nazungusha, napumzika, nazungusha tena, hadi inakubali, inatetemeka kwa nusu dakika, kisha inatulia kana kwamba haijawahi kuugua. Ikishawaka, gari linapanda na mzigo wake bila kupungukiwa nguvu hata kidogo.

Fundi wa kwanza alibadilisha betri. Wa pili alibadilisha buji (plagi) zote nne za kupasha moto. Kila mmoja wao alisifiwa kwa siku tatu au nne, kwa sababu nilipochukua gari kwake, nikajaza tangi na kurudi nyumbani, liliwaka vizuri, kisha ugonjwa ukarudi. Wa tatu sasa anataka kung'oa pampu ya nozeli na kuipeleka kupimwa, na gharama aliyonitajia inazidi faida yangu ya miezi miwili. Naongeza jambo moja ambalo huenda halihusiani: mara mbili mwezi huu nimegeuza ufunguo nikasikia sauti moja tu, "ta!", bila demareri kuzunguka kabisa, nikarudia mara tatu au nne, ikazunguka. Nianzie wapi?

Dereva_wa_Kasapa (Lubumbashi)

Pole sana, ndugu. Mimi ningezitazama tena buji za kupasha, hata kama ni mpya. Huku kwetu mwezi wa Juni na wa Julai asubuhi hushuka chini ya nyuzi 10, na injini za aina hiyo, ambazo mafuta yake hupulizwa kwanza ndani ya kichumba kidogo kilicho juu ya pistoni, huhitaji msaada wa buji kuliko injini za kisasa. Watu wengi hudhani kwamba taa ya njano ya dashibodi ikiwaka na kuzimika basi buji zimepashwa. Sivyo. Taa hiyo hufuata saa yake tu, na inaweza kuzimika kwa wakati uleule hata kama buji zote nne zimekufa.

Ondoa kile kipande cha chuma kinachoziunganisha kwa juu, kisha pima kila buji peke yake kati ya ncha yake na mwili wa injini: iliyo nzima husoma ohm 1 hivi au pungufu, na iliyokatika haisomi chochote. Usipoondoa kiunganishi hicho utazipima zote kwa pamoja, na moja mbovu itajificha nyuma ya wenzake. Baada ya hapo, mtu mwingine akigeuza ufunguo, hakikisha kwamba umeme unafika kwenye kiunganishi chenyewe, kwa maana relee (swichi inayopeleka umeme kwenye buji) inayokwama mara mojamoja inaweza kuleta ugonjwa wa kuja na kuondoka kama huo wako.

Mzee_wa_Spana (Goma)

Maelezo ya ndugu wa Lubumbashi kuhusu buji ni sahihi, lakini nina shaka kama buji ndizo zenye kesi hapa. Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na hewa inayoingia kwenye silinda ni nyepesi kuliko ya pwani, ni kweli. Hata hivyo asubuhi zenu si baridi kiasi cha kuishinda injini nzima, na tena buji haichagui siku. Ikifa Jumatatu, Jumanne haifufuki. Relee ndiyo inayoweza kuchagua siku, hilo nalikubali.

Ndugu Mbeba, kabla ya yote tenganisha magonjwa mawili ambayo umeyaweka kwenye gunia moja. Sauti ya "ta!" bila kuzunguka ni ugonjwa wa umeme mkubwa: betri, vichwa vya betri, waya wa masi (unaounganisha upande hasi wa betri na mwili wa injini), au demareri yenyewe. Kuzunguka kwa nguvu bila kuwaka ni ugonjwa wa mafuta, wa joto au wa mgandamizo wa hewa. Mafundi wako walitibu cha kwanza na cha pili kwa zamu bila kukuuliza siku hiyo gari liligoma kwa namna ipi. Huo wa "ta!" tuuweke kando kwanza.

Kwa juma moja au zaidi chukua daftari, na kila asubuhi uandike mambo manne kabla hujamwita mtu yeyote. La kwanza ni moshi: mtu asimame nyuma ya gari wakati unazungusha, atazame kama bomba linatoa moshi mweupe au wa kijivu, au kama halitoi kitu. Moshi mweupe maana yake mafuta yanafika ndani ya silinda lakini hayashiki moto. Bomba kavu maana yake mafuta hayafiki. Swali hilo moja, lisilogharimu hata faranga, linagawanya kazi nusu kwa nusu, na ninashangaa ni mafundi wangapi hawaliulizi. La pili ni upande ambao pua ya gari ilielekea usiku kucha, juu ya mlima au chini. La tatu ni kiasi cha mafuta kilichomo kwenye tangi. La nne ni kipampu cha mkono kilicho juu ya filta ya mafuta: kabla ya kugusa ufunguo, kibonyeze kwa kiganja na uandike kama ni kigumu tangu mara ya kwanza, au kama ni laini na unalazimika kukibonyeza mara nyingi ndipo kikaze.

Sitakuambia ninachoshuku, usije ukaona kile unachotaka kukiona. Na unapozungusha, usipitishe sekunde kumi na tano. Iache demareri ipoe dakika moja hivi kabla ya kurudia, la sivyo utaongeza ugonjwa wa tatu.

Mbeba_Maharagwe (Bukavu)

Mzee, nimeandika asubuhi tisa, na kusema kweli nimejionea aibu kidogo.

Asubuhi tatu zilikuwa mbaya, na mbili kati yake gari liligoma. Zote tatu pua ilikuwa imeelekea juu na tangi lilikuwa chini ya nusu. Mwanangu alisimama nyuma na kusema kwamba hakuna moshi wowote mpaka dakika ile injini ilipoanza kushika. Kipampu cha mkono kilikuwa laini kama tunda lililoiva, na nilihesabu mibonyezo kumi na minane siku moja na ishirini na miwili siku nyingine kabla hakijakaza. Siku ya tatu nilibonyeza mpaka kikakaza kabla sijagusa ufunguo kabisa, na gari likawaka mara moja.

Asubuhi nne nililiegesha pua ikielekea chini, na zote liliwaka bila neno. Mbili zilizobaki pua ilielekea juu lakini nilikuwa nimejaza tangi jioni, na siku hizo pia liliwaka, ingawa moja lilitetemeka kidogo.

Aibu yangu ni hii. Kila nilipohisi kwamba kesho yake italeta matata, nilikuwa nikiegesha gari pua ikielekea chini ili likigoma niliachie literemke na kuliwasha kwa gia. Kesho yake likawaka lenyewe, nami nikawa nawaambia watu kuwa gari hili lina macho, linaona nimejiandaa. Kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiliponya usiku bila kujua.

Nimekumbuka jambo lingine pia. Jumapili iliyopita niliegesha kwenye mwinuko wa parokia kwa saa tatu hivi, pua juu, na baada ya Misa likagoma injini ikiwa bado vuguvugu. Hiyo siihesabu kati ya zile tisa.

Mama_Taxi_Nguba (Bukavu)

Papa, samahani naingilia kati, lakini tabia hiyo ya kuliachia gari literemke Kadutu uiache leo. Kwenye Hilux ya dizeli, pampu inayoleta uvutaji wa kusaidia breki imefungwa kwenye alternita, na injini isipozunguka haifanyi kazi. Breki inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, baada ya hapo pedali inakuwa jiwe, na usukani unakuwa mzito vilevile. Mmoja wa madereva wangu aliteremsha gari namna hiyo likakataa kushika gia, akalisimamishia kwenye ukuta wa jirani. Ukuta nilijenga mimi.

Na kama kuna mtu atakushauri kupuliza etha kwenye njia ya hewa, mkatalie. Injini yenye buji za kupasha na etha havipatani. Mlipuko unakuja kabla ya wakati wake na unaweza kuvunja ringi za pistoni.

Kijana_wa_Essence (Bukavu)

Mbona hakuna aliyetaja mafuta yenyewe? Ukinunua mazutu (dizeli) kwa kadhafi, yaani muuza mafuta wa barabarani, kwenye bidoo (dumu) ambalo jana lilikuwa na kitu kingine, utapata maji na uchafu, na msimu wa mvua ndio mbaya zaidi. Mimi ningemwaga maji ya chini ya filta kwanza.

Mzee_wa_Spana (Goma)

Kumwaga maji ni jambo jema na afanye hivyo, lakini maji hayajui kama pua ya gari imeelekea juu au chini. Mazutu mabaya yangemsumbua pia njiani akiwa na mzigo mlimani, ambako anasema gari halipungukiwi nguvu.

Ndugu Mbeba, daftari lako limesema lenyewe, na ile Jumapili ya parokia ndiyo iliyofunga kesi ya buji, kwa sababu injini vuguvugu haina shida ya joto. Gari lako linaingiza hewa kwenye njia ya mafuta, mahali fulani kati ya tangi na pampu ya nozeli.

Kwenye injini hiyo hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ya nozeli ndiyo inayovuta mafuta, kuyatoa kwenye tangi kupitia bomba, kuyapitisha kwenye filta na kuyaingiza kwake. Kwa hiyo njia yote hiyo inafanya kazi ya kuvuta, kama mrija kwenye chupa. Mrija uliotoboka haumwagi soda nje, unakunyima tu. Ndiyo maana fundi anaweza kutazama mipira yote, akaikuta mikavu, na kusema hakuna tatizo. Injini ikiwa inazunguka, tundu dogo huingiza mapovu machache ambayo pampu huyameza bila wewe kujua. Ukizima, yale mafuta yaliyomo kwenye bomba yana uzito wake na yanataka kurudi kwenye tangi. Kama njia ni nzima yananing'inia palepale, lakini kama hewa ina mlango wa kuingilia, yanateremka polepole usiku kucha. Pua ikielekea juu, injini iko juu zaidi ya tangi na mafuta yanashuka kwa nguvu zaidi. Pua ikielekea chini, hayana pa kwenda. Tangi likijaa, umbali wa kushuka unapungua, na hapo ndipo mafundi wako wawili walipopatia sifa zao: wewe mwenyewe ulikuwa ukijaza tangi ukitoka kwao. Zile sekunde mbili tatu ambazo injini hushika kisha kuzimika ni mafuta kidogo yaliyobaki ndani ya pampu yenyewe. Yakiisha, unazungusha hewa.

Sasa usikaze kila kitu kwa hasira, maana ukibahatisha hutajua ulichotengeneza. Kwanza thibitisha. Tafuta bidoo safi la lita tano lenye mazutu yaliyochujwa, ulifunge imara juu zaidi ya pampu ya nozeli, mbali na bomba la moshi, kisha ulete mpira wake moja kwa moja kwenye pampu bila kupita kwenye filta ya gari; ule mpira wa kurudisha mafuta nao uuelekeze kwenye bidoo hilohilo. Liegeshe pua juu kwa siku tatu. Likiwaka asubuhi zote tatu, pampu yako ni nzima na hakuna wa kuing'oa. Kisha rudisha mipira yake na uweke kipande cha mpira mwangavu, ule unaoona kilichomo ndani, kati ya filta na pampu, na kingine kati ya tangi na filta. Mapovu yakionekana baada ya filta lakini si kabla yake, umepata nyumba ya mwizi. Mwisho, usiku mmoja liegeshe pua chini, tangi likiwa limejaa, na utandike karatasi kavu chini ya filta, kwa sababu katika hali hiyo mafuta yanasukuma badala ya kuvutwa, na tundu linaloingiza hewa linaweza kulia tone moja.

Kuhusu "ta!": ikirudi, weka mita kwenye betri wakati mtu anashikilia ufunguo. Betri iliyojaa ikiwa imepumzika husoma takriban volti 12.6. Ikishuka sana wakati wa "ta!", angalia betri na vichwa vyake. Ikibaki juu ya 12 kana kwamba hakuna kilichoombwa, umeme hauvuki kwenda kwenye mota, na kwenye demareri za Toyota mara nyingi ni vile vipande viwili vya shaba ndani ya swichi ya sumaku, ambavyo huliwa na cheche mpaka kimoja kikakosa kugusa. Ila pima pia waya wa masi kabla hujafungua kitu: kati ya kichwa hasi cha betri na mwili wa injini, wakati demareri inazunguka, mita isizidi sehemu chache za kumi za volti.

Swali la mwisho: kuna kitu kilichoguswa kwenye njia ya mafuta kabla ya mvua kuanza?

Mbeba_Maharagwe (Bukavu)

Mzee, swali lako la mwisho lilinifanya nifungue karatasi za gari. Filta ya mafuta ilibadilishwa siku sita kabla ya asubuhi ya kwanza mbaya. Sikuwahi kulifikiria, kwa sababu kichwani mwangu filta mpya ni dawa na haiwezi kuwa chanzo cha ugonjwa.

Nimefanya kama ulivyoelekeza. Bidoo lilikaa siku tatu, pua juu, na gari liliwaka mara zote tatu bila hata kutetemeka, kwa hiyo fundi wa pampu nimemshukuru na kumwambia asubiri gari lingine. Kwenye mipira mwangavu, asubuhi ya kwanza ule wa kati ya filta na pampu ulikuwa mtupu hadi karibu nusu, na injini ilipowaka mapovu madogo yalipita mfululizo kama kwenye chupa ya bia ya Primus. Ule wa upande wa tangi haukuwa na povu hata moja linalotoka nyuma. Usiku wa kuegesha pua chini, karatasi ilipata doa moja, dogo kuliko faranga ya zamani, chini kabisa ya filta.

Chini pale kuna kihisi cha maji ambacho hutolewa kwenye filta kuukuu na kufungwa kwenye mpya. Pete yake ya mpira ilikuwa ileile ya zamani, imekuwa bapa na ngumu, na upande mmoja ina mkato mwembamba. Nimebadilisha pete hiyo, na kwa vile nilikuwa nimeshafungua nikabadilisha pia klipu mbili za mipira zilizooza. Leo ni asubuhi ya kumi na mbili, zote pua juu, tano kati yake tangi likiwa karibu tupu kwa makusudi. Kipampu cha mkono ni kigumu tangu mbonyezo wa kwanza.

Ile "ta!" ilirudi Alhamisi. Mita ilibaki kwenye 12.4, na waya wa masi ulikuwa mzima, nikaishusha demareri. Kipande kimoja cha shaba kilikuwa kimeliwa upande mmoja mpaka kimekuwa kama ukucha. Nimeweka viwili vipya, na sijaisikia tena, ingawa ni siku nne tu na siwezi kuapa.

Buji nne za zamani ninazo bado kwenye kopo. Nimezipima moja moja kama alivyosema ndugu wa Lubumbashi: zote ni nzima.

Ile mipira mwangavu nimeiacha palepale, maana inanipendeza kuangalia mafuta yakipita.

Mzee_wa_Spana (Goma)

Itoe leo. Mpira wa plastiki hukakamaa ukikaa kwenye mazutu na joto la injini, kisha hupasuka kwenye klipu, nawe utarudi hapa na daftari jipya. Rudisha mipira ya mafuta iliyo halali, na zile buji za kwenye kopo usizitupe.